Rupia ya tembo na hela mbovu ya Bibi

Nawaomba radhi kwa ukimya wa wiki mbili. Nilikuwa Tabora. Gazeti lilinituma kuandika habari za msimu wa tumbaku, na habari hizo mmeshazisoma (kama mhariri hakuzikata mkia). Lakini nimerudi na jambo jingine ambalo halikuingia gazetini, kwanza kwa sababu ni la familia, pili kwa sababu haliwezi kutosha kwenye safu mbili. Linahusu sarafu mbili zilizowekwa juu ya meza moja.

Ya kwanza ni ya baba mdogo. Mwaka jana aliuza kiwanja chake nje kidogo ya mji. Nyumbani alisema fedha anaziingiza kwenye biashara. Biashara yenyewe ilikuwa ni "rupia ya Mjerumani", ile yenye picha ya tembo. Vijana wawili walimfuata wakamwambia wameifukua chini ya mwembe wa tangu enzi za Mjerumani, na kwamba kuna tajiri Dar es Salaam anazitafuta kama maji jangwani, ila wao ni watu wa shamba, hawana njia ya kumfikia. Ili kumtoa wasiwasi waliisogeza karibu na sindano ya kushonea. Sindano ikaruka ikanasa. "Mzee, umeiona nguvu yake?" Baba mdogo akatoa shilingi milioni sita. Tajiri wa Dar hakuwahi kuonekana, na namba za wale vijana hazijapatikana hadi leo.

Sasa, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma historia Chuo Kikuu, kesi ikaletwa kwangu. "Mwanangu," akaniambia akiifungua kitambaa taratibu, "hebu itazame wewe uliyesoma. Labda tajiri ndiye feki, rupia yenyewe ikawa halali." Ilikuwa inang'aa, duara safi kabisa, hakuna hata mkwaruzo.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, kimya. Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la zamani la maziwa. Ndani ya vifungo vya shati na funguo zisizo na makufuli akatoa sarafu yake. "Na hii nayo itazame, mume wangu. Ya baba yangu." Ilikuwa ya rangi ya njano iliyofifia, ina tundu karibu na ukingo, na upande mmoja una taji la kifalme ambalo nusu yake haipo, kana kwamba aliyepiga chapa alikuwa anatazama pembeni. Sehemu isiyopigwa imebaki tupu kama mwezi mchanga. Baba mdogo akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama, hiyo hata enzi za Mjerumani ilikuwa mbovu!"

Ndugu msomaji, makala hii ni jibu langu kwa baba mdogo. Nilimpa kwa mdomo pale pale, sasa nalitoa kwa urefu, maana nina hakika hayuko peke yake.

Tuanze na maneno, kwa sababu historia ya sarafu zetu iko mdomoni mwetu kila siku bila sisi kujua. Pesa ni neno lililotoka India, kwa paisa yao. Kampuni ya Kijerumani iliyotawala huku, ile iliyojulikana kwa kifupi DOAG, ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890: rupia za fedha zenye sura ya Kaiser Wilhelm II akiwa na kofia ya chuma, na pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikachukua kazi hiyo na kuipanga hesabu upya: rupia moja ikawa heller 100. Heller lilikuwa jina la sarafu ndogo ya zamani huko Ulaya, lililotokana na mji wa Hall wa Ujerumani. Waswahili wakalilainisha likawa hela. Kwa hiyo ukimwambia konda "sina hela ndogo", unataja mji wa Ujerumani ambao huenda hujawahi kuusikia. Mjerumani aliondoka, rupia ikaondoka, shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia miaka ya 1920, lakini hela imebaki.

Kabla ya vita, sarafu hizo zote zilifuliwa Ujerumani. Nyingi ukizitazama vizuri utaona herufi ndogo: A maana yake Berlin, J maana yake Hamburg. Zilifuliwa kwenye viwanda vyenye mashine za maana, zikaja kwa meli zikiwa zimefanana kama mapacha. Kisha ikaja vita ya 1914. Mwaka 1915 Waingereza wakaifunga bahari yetu kwa manowari, na meli za kuleta sarafu zikakoma. Serikali ikachapisha noti za dharura hapa hapa nchini. Baadaye, mwaka 1917, hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba noti zilichapwa porini kwa herufi za mpira, kama mihuri ya ofisini. Lakini watu waliikataa karatasi, na hakuna wa kuwalaumu. Karatasi inayoahidi kulipwa na serikali inayokimbia ni ahadi ya namna gani? Askari na wapagazi walitaka kitu kinacholia kikiangushwa kwenye jiwe.

Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imehamia Tabora, mbali na mizinga ya pwani. Tabora ilikuwa na kitu kimoja cha thamani: reli. Reli ya Kati ilifika pale mwaka 1912 na kuendelea mpaka Kigoma mwaka 1914. Na palipo na reli pana karakana. Basi mwaka 1916, kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, mafundi wa vichwa vya treni wakageuzwa mafundi wa kufua fedha. Ndiyo, msomaji wangu. Tabora ya tumbaku na asali imewahi kuwa na kiwanda cha sarafu, na sarafu zake zina herufi yake, T.

Zilifuliwa aina tatu. Ya kwanza ni ile ya tembo, ya rupia 15, ya dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke kule Iramba. Ina tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, na upande wa pili tai wa Kijerumani. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000 tu, ndiyo maana matapeli wanaipenda. Ya pili ni heller 5. Ya tatu ni heller 20, na hiyo ndiyo ya Bibi. Kabla ya hapo hapakuwa na sarafu ya heller 20 katika koloni hili, ni mtoto wa vita kabisa. Ilifuliwa kwa wingi, nyingine kwa shaba nyekundu, nyingine kwa shaba ya njano. Na shaba ya njano ilipatikana wapi katikati ya vita, bahari imefungwa? Kwenye vyuma chakavu na maganda ya risasi na mizinga iliyokwisha kupigwa. Ganda lililotoa risasi likarudi likawa mshahara.

Sasa hapo ndipo tunafika kwenye ubovu.

Kwa wale wasiofahamu, sarafu hufuliwa hivi. Kwanza unapata bamba la chuma lenye unene ulio sawa. Unalikata vipande vya duara, vitupu, visivyo na picha. Kisha unakuwa na mihuri miwili ya chuma kigumu iliyochongwa picha kinyumenyume, mmoja chini, mmoja juu. Kipande kinawekwa katikati, mashine inagandamiza mara moja kwa nguvu, na picha zinatokea pande zote mbili. Hatua tatu, na kila hatua ina makosa yake. Bamba likiwa na unene usio sawa, sarafu inatoka nyepesi au nzito kupita kiasi, au inachubuka tabaka kama ganda la kitunguu. Muhuri ukipasuka, ufa ule unaonekana kwenye kila sarafu kama mshipa uliovimba. Na kipande kikikaa vibaya wakati wa kugandamizwa, picha inaangukia pembeni, kama lile taji la Bibi. Mara nyingine sarafu iliyokwisha pigwa inanasa kwenye muhuri, kipande kinachofuata kinapigwa juu yake, na kinatoka na picha ile ile pande mbili, upande mmoja ukiwa umebonyea ndani na kugeuka kama kwenye kioo.

Makosa haya hutokea hata kwa wenye viwanda vikubwa. Mwaka 1955 Wamarekani walitoa senti ambazo maandishi na mwaka vinaonekana viwili viwili, kwa sababu muhuri wenyewe ulitengenezwa kwa kugandamizwa mara mbili bila kulingana. Waingereza nao, mwaka 2008, walibadilisha sura ya sarafu yao ya peni 20 na kuuhamisha mwaka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Fundi akachanganya muhuri wa zamani wa upande mmoja na muhuri mpya wa upande mwingine. Matokeo yake zikatoka sarafu zisizo na mwaka popote. Kiwanda kile kina historia ya miaka zaidi ya elfu moja, na bado likapita. Hizo zote leo watu wanazitafuta na kuzilipia mara nyingi ya thamani iliyoandikwa juu yake.

Basi kama Waingereza wanakosea, itakuwaje Lulanguru, karakana ya kutengeneza mabehewa, mihuri imechongwa kwa mkono, chuma ni cha kuokoteza, na adui anakaribia? Heller 20 za Tabora ni maarufu duniani kwa wakusanyaji kwa sababu hiyo hiyo. Kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Kuna tofauti kwenye zile L mbili za neno HELLER: nyingine ncha za L zote zimechongoka, nyingine zote zimejikunja, nyingine iliyojikunja ni L ya pili tu. Mataji mawili mara L za namna tatu ni sita, na kwa kuwa kuna shaba mbili, kwa hesabu unafika kumi na mbili. Hizo bado si makosa, ni tofauti za mikono iliyochonga mihuri. Hata rupia ya tembo ina aina mbili: urembo fulani upande wa tai unaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA kwa baadhi, na chini ya A ya kwanza kwa nyingine. Juu ya tofauti hizo ndipo unaongeza makosa yenyewe: zilizopinda, zilizopigwa pembeni, zilizofifia upande mmoja, zenye ufa wa muhuri.

Jambo moja hapa ni la muhimu kwa anayetaka kuzitambua. Kosa la kiwandani ni lile ambalo sarafu imezaliwa nalo. Yaliyoipata baadaye (kukunjwa, kugongwa nyundo, kuchomwa moto, kutobolewa) ni majeraha, si kosa, na mkusanyaji hayalipii. Utatofautishaje? Tazama jinsi chuma kilivyotembea. Sarafu iliyopigwa pembeni, sehemu isiyoguswa na muhuri inabaki laini na tupu, na mara nyingi sarafu inatoka duara lililovutika kidogo, kwa sababu chuma kilikimbilia upande uliokuwa wazi. Aliyekata sarafu kwa tupa hawezi kuyaigiza hayo. Ataacha mikwaruzo, na picha itakuwa imekatwa badala ya kuwa haikufika. Vivyo hivyo sarafu ya kufuliwa na ya kumiminwa kwenye kalibu. Ya kumiminwa ina vitundu vidogo vidogo vya mapovu, herufi zake ni butu kama sabuni iliyotumika, na ukingoni mara nyingine kuna mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Nikaichukua rupia ya baba mdogo, nikaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Vitundu vilikuwepo, kuzunguka miguu ya tembo. Mstari wa ukingoni ulikuwepo, umesuguliwa kwa tupa. Tukaipeleka kwa sonara mmoja mjini akaipima. Rupia 15 halisi ina gramu 7 na ushee, na robo tatu yake ni dhahabu. Ile ilikuwa na gramu 5 kasoro. Lakini kwa kweli mzani haukuhitajika. Ile sindano ilitosha. Dhahabu hainasi sindano. Shaba hainasi sindano. Kinachonasa sindano ni sumaku, na sumaku haifui mtu hela. Kile kile walichomwonyesha kama ushahidi wa nguvu yake kilikuwa ndicho ushahidi wa uongo wake, na angekuwepo mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aliyefanya jaribio la fizikia, kiwanja kingekuwa bado chetu.

Sikumwambia hivyo. Mzee alikuwa amekaa ameshika magoti, na kuna ukweli ambao mtoto hamwambii baba yake kwa sauti hiyo. Nilisema tu, "Baba mdogo, hii haikuzaliwa Tabora." Alinielewa.

Kisha nikaigeukia ya Bibi. Herufi T ipo, mwaka 1916 unasomeka, sehemu tupu ni laini, chuma kimevutika. Ni halali kabisa. Tena ubovu wake ndio unaoitolea ushahidi, maana tapeli anaiga sarafu nzuri ili imvutie mnunuzi. Hana sababu ya kujisumbua kuiga iliyokosewa ya heller 20. Nikamuuliza Bibi baba yake aliipataje.

Bibi hakusoma historia, lakini alizaliwa mwaka 1939 na baba aliyekuwa anapenda kusimulia. Kwa maelezo yake, baba yake alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minane alipochukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani. Alibeba miezi mingi, akaona wenzake wakiachwa njiani kwa kuhara na homa. Siku ya kulipwa alipewa sarafu chache za njano. "Alisema zilikuwa mpya lakini zimekaa vibaya. Hii ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, akamrudishia aliyekuwa analipa. Akaambiwa, chukua, au uache." Akachukua. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora. Alipofika nyumbani na kwenda dukani, nyingine zilipokelewa kwa kusitasita, hii mwenye duka akaikataa katakata. Ya Mjerumani, tena imekosewa! Miezi yote ile ya kubeba, na sehemu ya ujira wake ikawa kipande cha ganda la risasi. Miaka mingi baadaye, alipozaliwa Bibi, akaitoboa, akapitisha uzi, akamfunga shingoni. Bibi alikua nayo hivyo.

Niliporudi Dar nilimwonyesha picha zake mzee mmoja mkusanyaji, mtu mstaarabu, nisiyetaka kumtaja. Alifurahi sana. Akanieleza kwamba sarafu iliyopigwa pembeni ina thamani zaidi kama mwaka bado unasomeka, na hii unasomeka. Kisha akakuza picha, akaliona tundu. Akanyamaza kidogo. "Ingekuwa haijatobolewa," akasema, "ningekupa bei nzuri. Tundu limeiharibu."

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Sokoni yuko sahihi, kanuni ni hiyo hiyo niliyowaeleza hapo juu. Kosa alilolifanya fundi wa Lulanguru kwa sekunde moja lina bei. Tundu alilolitoboa mpagazi ili mshahara wake uliokataliwa uwe na kazi shingoni mwa mwanawe, hilo ni hasara. Lakini sisi wengine hatulazimiki kuisoma sarafu kwa jicho la soko peke yake. Kwenye ile hela kuna makosa mawili yanayosomeka kama ukurasa: taji lililokatika linasema serikali ile ilikuwa inakimbia, na tundu linasema nani alibaki kulipia.

Nilimpigia Bibi simu kumweleza bei, kwa kuwa ni mali yake na nilijua familia ina shida ya fedha baada ya kile kiwanja. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza yote, hata habari ya tundu. Akauliza, "Kwa hiyo ananunua au hanunui?" Nikasema angeweza kununua, ila kwa bei ndogo. Akacheka. "Baba yangu alikwenda nayo dukani ikakataliwa. Mimi siipeleki dukani mara ya pili. Irudi kwenye kopo." Yenyewe haikuwahi kutoka, nilikuwa na picha tu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Ukienda likizo kijijini, waulize wazee wako kama wana sarafu za zamani. Usizisugue kwa majivu wala kwa dawa ya meno zing'ae. Utafuta alama zote ninazozisema. Tafuta herufi ndogo A, J au T. Tazama L mbili za HELLER. Piga picha pande zote mbili, na zaidi ya yote andika chini alivyosema mwenye nayo, jina lake na mwaka, kabla hajaondoka na habari yake.

Na ukipigiwa simu na mtu ana rupia ya tembo inayonasa sindano, tafadhali kata simu. Kisha mpigie baba yako mdogo, umwambie naye akate.

Alamsiki.